Jina na Rangi katika Maoni ya Hati: Mwongozo kwa Mtumiaji wa Huduma za Uchapaji

Matini ya mhadhara uliotolewa kwa watumiaji wa huduma za uchapaji na kompyuta, Singida Mjini



Mada niliyopewa leo huenda ikaonekana ndogo: jina na rangi zinazotokea pembeni mwa hati pale mtu anapoandika maoni yake kwa kompyuta. Hata hivyo, mapatano mengi ya mji huu hupitia katika kompyuta ya steshenari kabla ya kutiwa saini. Mikataba ya kuuza alizeti na vitunguu, makubaliano ya kupangisha fremu za biashara, hati za mauziano ya viwanja, katiba za vikundi vya kuweka na kukopa, na ripoti za wanafunzi hupita huko zikiwa bado rasimu. Rasimu ndiyo mahali watu wanapovutana kwa maneno. Katika mvutano huo, kujua nani alisema nini ni haki ya kila mhusika.

Mfano wa kuanzia

Tuchukulie mfano, ambao haumhusu mtu yeyote hapa. Kikundi cha wakulima wa vitunguu kinataka kuingia mkataba na mnunuzi kutoka mkoa mwingine. Rasimu inachapwa katika duka moja la mjini. Asubuhi, mwenyekiti wa kikundi anafika dukani na kuomba maoni yake yaandikwe pembeni: neno "gunia" lifutwe na badala yake iandikwe kilo, ili wakulima wasije wakadaiwa lumbesa. Alasiri, mnunuzi naye anafika katika duka lilelile, anaketi mbele ya kompyuta ileile, na kuandika kwamba malipo yafanyike baada ya siku 30.

Rasimu inapofunguliwa siku ya kikao, maoni yote mawili yana jina moja, nalo ni jina la duka, na yote yana rangi moja. Mwezi mmoja baadaye mnunuzi anasema kwamba wakulima wenyewe ndio waliopendekeza kusubiri siku 30. Wakulima wanakana. Mchapaji anaulizwa, lakini amekwisha kuhudumia wateja wengi tangu siku ile na hakumbuki. Faili, ambalo lingeweza kuwa shahidi, halina la kusema, kwa kuwa liliambiwa kwamba aliyeandika yote ni mtu mmoja.

Hasara hiyo ingeweza kuzuiwa kwa kazi ya dakika moja. Dakika hiyo ndiyo shabaha ya mhadhara huu.

Jina hutoka wapi

Mtu anapoandika maoni katika programu ya kuandikia kama Word au LibreOffice, programu huhifadhi mambo manne ndani ya faili: maneno ya maoni yenyewe, jina la mwandishi, herufi za mwanzo za jina hilo, na tarehe pamoja na saa. Saa hiyo hutoka katika saa ya kompyuta. Kompyuta ambayo saa yake haikurekebishwa itaandika wakati usio sahihi bila kumwonya mtu.

Jina nalo halitokani na uso wa mtu aliyeketi kwenye kiti. Programu haimjui. Hulichukua jina lililoandikwa katika mipangilio yake siku ilipowekwa, au jina la akaunti iliyofunguliwa wakati huo. Ndiyo maana hati nyingi zinazotoka madukani hubeba majina kama "User", "Admin", jina la kampuni iliyotengeneza kompyuta, au jina la duka. Kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika yaweza kuendelea kuandika jina la mwenye nayo wa kwanza, mtu ambaye hamjapata kukutana naye. Katika LibreOffice, mahali pa jina pakiachwa patupu, maoni hutambulishwa kwamba ni ya mwandishi asiyejulikana.

Hali ni hiyo pia kwa wanaotumia hati za mtandaoni za Google Docs. Huko jina hutoka katika akaunti ya barua pepe. Ukiandika maoni ukiwa ndani ya akaunti ya mchapaji, maoni yako ni ya mchapaji mbele ya wote watakaoyasoma. Na ukisahau kutoka katika akaunti yako mwenyewe unapoondoka dukani, mteja anayekufuata aweza kuandika kwa jina lako.

Jinsi ya kuweka jina lako

Kwa wanaotumia Word katika kompyuta ya mezani au ya mapajani, hatua ni hizi. Fungua sehemu ya juu iliyoandikwa File, kisha Options, kisha General. Hapo utakuta nafasi mbili, moja ya jina na nyingine ya herufi za mwanzo. Andika jina lako kamili, halafu herufi zako. Chini yake pana kisanduku kidogo kinachoamuru kwamba majina hayo yatumike daima, hata kama kuna akaunti iliyofunguliwa. Kisanduku hicho kisipotiwa alama, na akaunti ya mwenye duka ikiwa wazi, jina la akaunti ndilo litakaloshinda.

Kwa wanaotumia LibreOffice, fungua Tools, kisha Options, kisha sehemu ya kwanza yenye jina la programu, na humo utakuta User Data. Andika jina na herufi za mwanzo. LibreOffice hupatikana bila malipo, hivyo kikundi kisicho na fedha hakina sababu ya kutumia nakala ya kughushi ya programu nyingine. Historia yake inatugusa pia. Programu hii ilichipuka mwaka 2010 kutoka katika OpenOffice, na OpenOffice ndiyo iliyopewa sura ya Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi iliyofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, jina jipya huathiri maoni yatakayoandikwa kuanzia hapo. Yaliyokwisha kuandikwa hubaki na jina la zamani. Kama rasimu yako imekwisha kuchanganya majina, njia ya uaminifu ni kujibu chini ya kila maoni na kutaja bayana nani aliyatoa na lini, wahusika wote wakiwa wanaona. Pili, katika kompyuta ya duka, ukimaliza kazi rudisha jina la awali, ili mteja anayekufuata asiandike kwa jina lako. Tatu, kabla ya kuendelea, andika maoni mafupi ya majaribio, tazama jina linalotokea, kisha uyafute. Jicho lako ndilo mkaguzi wa kwanza.

Rangi: kinachowezekana na kisichowezekana

Watu wengi huuliza: je, naweza kuyapa maoni yangu rangi ya kijani na ya mwenzangu rangi nyekundu, zikabaki hivyo daima? Jibu ni hapana, na ni vyema kuelewa sababu yake.

Nimetaja mambo manne yanayohifadhiwa pamoja na maoni. Rangi haimo miongoni mwake. Rangi hugawiwa na programu pale faili linapofunguliwa: mwandishi huyu apate hii, na yule ile. Kwa hiyo maoni yaliyoonekana mekundu katika kompyuta ya Majengo yaweza kuonekana ya buluu katika kompyuta ya Mandewa, na hakuna aliyeyagusa. Anayewaambia wenzake kwa simu "someni maoni yangu mekundu" huenda akawaelekeza kwenye maoni ya mtu mwingine kabisa.

Katika matoleo ya Word ya miaka ya nyuma, kuna mahali pa kuchagua rangi ya maoni. Hufikiwa kupitia sehemu ya Review, kwa kubofya kishale kidogo kilicho pembeni mwa kundi la Tracking, kisha Advanced Options. Chaguo la kawaida hapo ni rangi kwa kila mwandishi, na ndilo linalofaa. Atakayeliondoa na kuweka, tuseme, nyekundu, atakuta maoni ya watu wote yamekuwa mekundu katika kompyuta yake, nayo tofauti aliyokuwa akiitafuta imetoweka. Katika matoleo mapya ya Word, programu yenyewe ndiyo hugawa rangi za maoni, kama ifanyavyo LibreOffice.

Kutokana na hayo twapata kanuni moja: rangi hufuata jina. Majina yakiwa tofauti, rangi hutofautiana zenyewe. Majina yakiwa mamoja, rangi nazo huwa moja. Anayetaka rangi ziwe sawa, na aanze kwa kusawazisha majina. Hata kosa dogo la tahajia, au jina refu leo na jina fupi kesho, laweza kumfanya mtu mmoja aonekane kuwa wawili.

Pale rangi inaposhindwa

Hata rangi zikitengana vizuri katika kioo, zipo hali zinazozishinda. Madukani kurasa nyingi hutolewa kwa wino mweusi, kwa sababu wino wa rangi ni ghali. Karatasi ikitoka, nyekundu na buluu zote ni kijivu. Aidha, wapo watu, wengi wao wanaume, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani, na wengine wameishi miaka mingi bila kujua.

Nashauri njia tatu za kutegemea zaidi.

Ya kwanza ni kuanza kila maoni kwa neno la utambulisho: MKULIMA, MNUNUZI, MPANGAJI, MWENYE NYUMBA, MSIMAMIZI. Neno hilo halibadiliki kompyuta ikibadilika, husomeka katika karatasi nyeusi na nyeupe, na humsaidia hata mzee anayesomewa hati na mjukuu wake.

Ya pili ni kwa wale ambao lazima watumie rangi zisizobadilika. Rangi inayopakwa juu ya maneno ya hati yenyewe, kama mtu anavyopaka kalamu ya njano kitabuni, huhifadhiwa ndani ya faili na husafiri nalo. Kubalianeni mwanzoni kila upande uchukue rangi gani, na maana ya rangi hizo iandikwe katika mstari wa kwanza wa rasimu. Msisahau kuiondoa kabla ya kutoa hati ya mwisho.

Ya tatu ni kuitunza kila rasimu kama faili la peke yake, lenye tarehe katika jina lake, na kutumiana nakala hiyo siku hiyohiyo. Wahusika wote wakiwa na nakala moja ya tarehe moja, ni vigumu kwa mmoja kugeuza maneno baadaye.

Kuficha hakuondoi

Sasa nageukia hatari iliyo kinyume cha ile ya kwanza. Kuna wakati jina halipaswi kuonekana, lakini linaonekana.

Mwezi Februari 2003, Serikali ya Uingereza iliweka katika tovuti yake waraka kuhusu Iraq ukiwa katika mfumo wa Word. Waliouchunguza walikuta ndani ya faili kumbukumbu ya mara 10 za mwisho lilipohifadhiwa, pamoja na majina ya waliolishughulikia. Oktoba 2005, ripoti ya uchunguzi wa Umoja wa Mataifa kuhusu kuuawa kwa Rafik Hariri, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Lebanoni, iliwafikia waandishi wa habari ikiwa na mabadiliko yaliyohifadhiwa ndani yake. Majina ya watu yaliyokuwa yamefutwa katika ripoti yakasomwa na dunia nzima, pamoja na saa yalipofutwa.

Ikiwa taasisi kubwa kiasi hicho zilifikwa na hayo, mfanyabiashara wa Singida anayetuma bei zake kwa mnunuzi yampasa kuwa makini. Katika Word unaweza kuchagua hati ionekane safi, bila maoni wala masahihisho. Huko ni kuficha tu. Anayepokea faili akibofya mara moja, yote hurejea: bei ya chini ambayo ulikuwa tayari kuikubali, shaka ya mwanasheria wako, jina la ndugu aliyekushauri.

Kabla ya kutuma hati ya mwisho, fanya hivi. Tengeneza nakala, na uiache ile yenye maoni katika hifadhi yako kama kumbukumbu. Katika nakala mpya, nenda sehemu ya Review, uyakubali au kuyakataa masahihisho yote, kisha ufute maoni yote. Baada ya hapo fungua File, kisha Info, na chini ya Check for Issues uchague Inspect Document. Kifaa hicho hutafuta maoni, masahihisho na taarifa binafsi zilizosalia, na hutoa nafasi ya kuziondoa. Fahamu kwamba ukiondoa taarifa binafsi huku maoni yakiwa bado yamo, majina yote hugeuka kuwa neno moja, Author, na hutaweza kuyarudisha. Ndiyo sababu nasisitiza kazi hii ifanyike katika nakala. Ukitaka kutoa karatasi au PDF, hakikisha chaguo la kuchapa alama za masahihisho limeondolewa, kisha uisome hati mpya ukurasa kwa ukurasa.

Sheria inasemaje

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa kama ushahidi. Katika kupima uzito wake, huangaliwa jinsi kumbukumbu ilivyotengenezwa na kutunzwa, jinsi uhalisi wake ulivyolindwa, na jinsi aliyeianzisha alivyotambulishwa. Faili ambalo kila neno linaonekana kuandikwa na "Admin" linaanza safari hiyo likiwa na kilema.

Wakati huohuo, jina lililo katika maoni si saini. Programu haiulizi kitambulisho. Huandika jina lolote inalopewa. Usikubali hoja kwamba umeridhia jambo kwa sababu tu jina lako limeonekana pembeni, na usimshutumu mwenzako kwa ushahidi huo peke yake. Anayeweka jina la mtu mwingine kwa makusudi ili kudanganya, ajue kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua kughushi kwa kompyuta na kujifanya mtu mwingine kuwa ni makosa.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa lengo lililokusudiwa na kuzilinda. Hati yako iliyobaki katika kompyuta ya duka ina jina lako, namba yako ya simu, pengine namba ya kitambulisho chako cha taifa. Si mali ya kuachwa wazi kwa mteja anayefuata.

Haki zako dukani

Ndugu watumiaji, unapolipia uchapaji unalipia huduma, nayo huduma ina viwango. Unayo haki ya kuomba mambo yafuatayo bila kuona haya:

1. Maoni yako yaandikwe kwa jina lako, au yaanze kwa neno linalokutambulisha.
2. Uoneshwe rasimu katika kioo kabla ya kutolewa karatasi, pamoja na majina yaliyo pembeni.
3. Upewe faili lenyewe katika flashi au kwa barua pepe, mbali na karatasi.
4. Hati iliyo safi itengwe na hati yenye maoni, na majina ya mafaili yaoneshe tofauti hiyo.
5. Nakala iliyobaki dukani ifutwe ukiomba, pamoja na ile iliyo katika kapu la takataka la kompyuta.

Nanyi wenye maduka, haya si mzigo. Duka linalomuuliza mteja "maoni haya tuyaandike kwa jina la nani?" linajenga sifa, na linajiepusha kuitwa kutoa maelezo katika ugomvi usiolihusu. Pawepo karatasi ukutani yenye hatua za kubadili jina. Mteja atazifuata mwenyewe.

Panapotokea kutoelewana, anza kwa kuzungumza na mtoa huduma, ukiwa na risiti yako na nakala ya faili. Ikiwa umepotoshwa kuhusu huduma uliyouziwa, Tume ya Ushindani, inayojulikana kwa kifupi kama FCC, ndiyo yenye dhamana ya kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Ikiwa taarifa zako binafsi zimetumiwa au kusambazwa isivyo halali, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na ikiwa mtu ameghushi kwa jina lako, hilo ni suala la Jeshi la Polisi.

Hitimisho

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Rasimu ya mkataba nayo ni daftari. Kila aliyeandika ndani yake ajulikane kwa jina lake, rangi ziachwe zifanye kazi yake ndogo ya kurahisisha usomaji, na hati ya mwisho itoke ikiwa imebeba yale tu mliyokubaliana. Mkulima atakayeuza vitunguu vyake msimu ujao, mpangaji atakayesaini mkataba wa fremu, na mwanafunzi atakayepokea maoni ya msimamizi wake, wote wanaweza kuanza kwa swali lilelile kabla ya kugusa kibodi: kompyuta hii inaniita nani?